Mafunzo ya Usalama Kazini Kwenye Viwanda vya Mbao: Mwongozo Kamili kwa Mwajiri na Kibarua wa Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi ya Julai pale Mafinga, ukungu hauondoki mapema. Watu wanakuja kazini wamejifunika: sweta juu ya sweta, koti la mtumba lenye mikono inayomeza vidole, skafu imezungushwa shingoni mara mbili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha kuchana mbao. Kijana aliyekuwa na siku ya pili tu kazini aliinama kuokota banzi lililoanguka karibu na mkanda wa injini, mkanda ukanyakua mkono wa koti lake. Bahati yake koti lilikuwa bovu. Mshono wa begani uliachia, mkono wa koti ukaenda na puli, yeye akabaki amekaa chini kwenye machujo ya mbao, analitazama bega lake kama la mtu mwingine. Alitoka na michubuko tu.

Bosi alipoitisha faili, fomu ilikuwepo: "Nimepata mafunzo ya usalama na nimeelewa." Sahihi yake ipo, na tarehe ya jana yake. Nilimsainisha mimi mwenyewe juu ya boneti ya gari, yeye na wenzake kumi na mmoja, ndani ya robo saa. Habari ya koti hakuna aliyemwambia.

Tangu siku ile naanza na mtu kwenye mashine, karatasi inakuja mwisho. Mifano mingi hapa ni ya mbao kwa sababu ndiko nilikokulia kikazi, ila mwenye kinu cha mpunga Ubaruku, karakana ya kuchomelea Mwanjelwa au kiwanda cha chai Rungwe atabadilisha majina ya mashine tu, hatua ni zilezile.

Sheria inadai nini hasa

Kwa Tanzania Bara, sheria mama ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Zanzibar wana sheria yao. Wenye viwanda vidogo wengi hudhani inawahusu wakubwa tu, wale wa karatasi kule Mgololo au wa saruji pale Songwe. Sivyo. Dingdong moja, ile mashine ndogo ya kuchana mbao, iliyofungwa pembeni ya shamba la miti, ina injini ya dizeli na watu sita wa kulipwa, ni mahali pa kazi.

Mwajiri anatakiwa awape watu wake taarifa za hatari zilizopo, maelekezo, mafunzo na usimamizi, pamoja na vifaa vya kujikinga kwa gharama yake. Mfanyakazi naye ana wajibu: kufuata maelekezo, kuvaa alichopewa, kutong'oa kinga ya mashine, na kutoa taarifa akiona hatari. Mkaguzi anaweza kuingia bila kupiga hodi ya wiki nzima, na akikuta hali mbaya ana mamlaka ya kukuandikia notisi ya kurekebisha au ya kusimamisha kazi kabisa.

Hatua ya 1: Sajili eneo lako

Usajili unafanyika OSHA kwa njia ya mtandao, kwenye mfumo wao unaoitwa WIMS. Ukikwama, ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Malipo ya huduma zao, kama vile mafunzo au vipimo, yanapitia namba ya malipo ya serikali. Mtu akikwambia umtumie hela kwenye simu yake akuletee cheti cha mafunzo ambayo hukuhudhuria, huyo ni kishoka, na siku ya ajali cheti hicho ndicho kitakachokufunga.

Hatua ya 2: Lifuate gogo na daftari mkononi

Sheria inataka tathmini ya hatari. Jina lina uzito, ila kazi yenyewe inaanza kwa miguu. Simama pale lori linaposhusha, kisha lifuate gogo mpaka liwe ubao uliopangwa kwenye chaga. Kila unaposimama andika: hapa kuna nini cha kukata, kuvuta nguo, kuponda, kuunguza, kuziba masikio, kujaza mapafu? Nani anasimama hapa, na akiteleza anaangukia wapi?

Pale kwenye lori, mathalani, utakuta mtu anafungua minyororo akiwa upande uleule magogo yanakoegemea. Baba yake alifanya hivyo, naye anafanya hivyo. Iandike. Kwenye injini utakuta mkanda hauna kinga kwa sababu iling'olewa wakati wa matengenezo haikurudi. Hiyo usiifundishe, irudishe leo. Ninawajua wenye viwanda wanaofundisha watu "kuwa makini" na mkanda ulio wazi kwa sababu bati la kuufunika linagharimu hela na maneno ni bure. Hatari inayoweza kuondolewa au kufunikwa iondolewe kwanza. Kinachobaki ndicho cha kufundishia, na orodha hiyo ndiyo mtaala wako.

Hatua ya 3: Teua mwakilishi wa usalama

Ukiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne, unatakiwa kuteua mwakilishi wa usalama na afya kwa maandishi. Barua fupi inatosha: jina, eneo lake, muda wa uteuzi. OSHA wana kozi mahsusi kwa wawakilishi, mpeleke. Kazi ya kukagua na kuuliza watu aifanye ndani ya saa za kazi, si baada ya kupanga mbao za siku nzima. Wawakilishi wakiwa wengi, kuwe na kamati.

Kuhusu nani wa kuteua, nina ugomvi na wengi. Wanamchagua shemeji wa bosi, au anayejua kuandika vizuri. Mimi namtafuta yule ambaye akisema "zima" opereta anazima kwanza, kuuliza baadaye. Kuandika atafundishwa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, kabla hajagusa glovu

Hii ndiyo niliyoiharibu mimi, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Wapokee watu wapya wachache wachache. Mimi sizidishi wanne. Kwanza umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi kiwandani, mgodini au popote penye mazingira hatarishi. Uliza kitambulisho. Utaambiwa "huyu ni mdogo wangu, anatafuta ada tu". Ada itafutwe mahali pengine.

Kisha tembea nao mashine zikiwa zimezimwa. Waonyeshe swichi ya kuzimia au mkono wa kukata mafuta, na kila mmoja aushike. Waonyeshe njia za kutokea, mahali pa kukusanyika moto ukitokea, sanduku la huduma ya kwanza na anayelisimamia, mitungi ya kuzimia moto, choo na maji. Waonyeshe mstari ambao asiye opereta havuki. Kama hakuna mstari, uchore kwa rangi. Mchanga na kamba havikai.

Halafu nguo. Baridi ya Mufindi na Makete haibishani na kanuni zako. Ukimwambia mtu avue koti bila kumpa kitu, atalivua ukiwepo na kulivaa ukigeuka. Tulichofanya sisi: kizibao kizito kisicho na mikono juu ya sweta la kubana, kofia ya soksi badala ya skafu, na sehemu ya kuotea moto iliyo mbali na machujo na dizeli. Kina mama wanaopanga mbao wavae suruali au ovaroli. Kitenge kinachoning'inia kibaki kwenye mkoba. Pete zivuliwe. Ndala haziingii getini, gambuti au viatu vya ngozi ngumu ndiyo mpango.

Mwisho, ishara za mikono. Injini ikishawaka, maneno hayasaidii. Kwetu ngumi juu ya kichwa maana yake ni zima sasa hivi. Kila kiwanda kiwe na ishara zake chache, zilezile kwa zamu zote, na ya kuzima iweze kutolewa na mtu yeyote, hata mama lishe aliyeleta chai. Wajaribishe: washa injini bila gogo, mmoja atoe ishara, opereta azime. Rudieni mpaka iwe haraka.

Na tafadhali, usiulize "mmeelewa?" Hapa kwetu jibu la swali hilo ni moja, "tumeelewa bosi", awe ameelewa au alikuwa anawaza nauli. Sema "nionyeshe". Nionyeshe unazimia wapi. Nionyeshe utapita wapi moto ukiwaka pale kwenye mabanzi. Asiyeweza kuonyesha, haijalishi amesaini nini.

Hatua ya 5: Mafunzo ya mashine, mtu mmojammoja

Mafunzo ya siku ya kwanza hayamruhusu mtu kushika msumeno. Kila mashine ina mafunzo yake, na kila mtu anaidhinishwa kwa mashine aliyofundishwa, kwa jina. Utaratibu wangu: aangalie kwanza fundi mzoefu akifanya na kueleza, kisha afanye yeye fundi akiwa pembeni karibu na swichi, halafu afanye peke yake nikimtazama kwa mbali. Wengine wanachukua siku mbili, wengine wiki mbili. Usiwapangie tarehe moja.

Kwenye msumeno wa duara, haya ndiyo nayataka mkononi mwake, si mdomoni:

Asimame pembeni, kamwe si kwenye mstari mmoja na msumeno. Ubao ukibana meno hurushwa nyuma kwa nguvu, na unamkuta aliyesimama nyuma yake. Kile kisu chembamba kilichofungwa nyuma ya msumeno kipo ili kuuzuia mpasuo usijifunge na kubana. Mafundi hukitoa wakisema kinachelewesha kazi. Kikitolewa, mashine haiwashwi. Mwisho wa ubao usukumwe kwa kijiti cha kusukumia, vidole vikae mbali. Mpokeaji asiuvute ubao kwa kupitisha mkono juu ya msumeno. Machujo hayasafishwi msumeno ukizunguka, hata ukiwa "unakaribia kusimama". Usubiriwe usimame kabisa.

Kubadilisha msumeno au kukwamua gogo kuna kanuni yake ya ufunguo. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule aliyeweka mikono yake kwenye mashine. Hauachwi mezani wala haushikwi na msimamizi. Kwa injini ya dizeli, izimwe, mkanda utolewe kwenye puli, na ufunguo wa kuwashia utolewe kama upo. Nikimjaribu mtu humwambia tu: "Gogo limekwama. Fanya." Nikae kimya. Mkono ukitangulia gogo kabla ya swichi, anarudi kwenye kuangalia.

Kuna jambo moja ambalo semina nyingi hazilisemi. Ukimlipa mtu kwa idadi ya mbao, halafu ukamfundisha kusimamisha mashine kila inapokwama, umemfundisha kujipunguzia hela. Atakusikiliza mpaka Ijumaa. Tulipokubaliana kwamba dakika za kusimamisha kwa usalama zinalipwa kama za kuchana, kinga za mashine ziliacha kupotea. Mwenye kiwanda alilalamika mwezi mmoja.

Hatua ya 6: Huduma ya kwanza na moto

Kila zamu iwe na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Zamu ya usiku pia ni zamu. Jeraha la kwetu tunalijua: vidole. Afundishwe kubana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia na kuinua mkono juu. Kidole kikikatika, kisioshwe kwa dawa wala kutumbukizwa kwenye barafu. Kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Kisafiri na mgonjwa. Jueni mapema barafu inapatikana duka gani na gari litatoka kwa nani. Majeruhi anayevuja damu asipakiwe bodaboda.

Moto kwenye kiwanda cha mbao hujificha. Machujo yanaweza kufukuta ndani kwa ndani na kuwaka usiku watu wameshaondoka. Fundisheni kusafisha kila jioni na kukagua kabla ya kufunga. Mtungi: vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto si kwenye ndimi, bonyeza, fagia kulia na kushoto, mgongo wako ukiwa upande wa njia ya kutokea. Kwenye swichi inayowaka, maji hapana. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mazoezi ya kukimbia yafanyike kweli, na watu wahesabiwe wakishatoka.

Hatua ya 7: Afya

Mfanyakazi apimwe anapoanza, kwa vipindi akiwa kazini, na anapoondoka. Kwa mbao, masikio na mapafu ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kiwango cha kelele kinachotumika sana kama mpaka ni desibeli 85 kwa saa 8. Huna kipimo? Kama unalazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, kelele imezidi, gawa vifaa vya masikio. Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa hiyo kitambaa cha kufunika pua kisichokuwa barakoa ya vumbi hakitoshi.

Hatua ya 8: Wanaotibu nguzo

Kama mnatibu nguzo za umeme au mbao kwa dawa, mna mwangalizi mwingine: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wanaosajili na kusimamia kemikali. Wanaoshika dawa wafundishwe kusoma lebo, kuvaa glovu zisizopenya maji na kutokula eneo lile.

Ila kitu cha kukifundisha kwa kila mtu, mpaka mlinzi, ni mabanzi. Kwetu vipande vya mbao ni kuni. Kibarua anabeba kichwani jioni na hakuna anayemuuliza. Dawa nyingi za nguzo zina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu inayobaki kwenye moshi na majivu. Kipande cha rangi ya kijani hakiendi jikoni kwa mama lishe wala nyumbani kwa mtu. Kitengeni, mkifungie.

Hatua ya 9: Daftari

Sasa ndiyo karatasi. Daftari kubwa la kaunta linatosha. Kwa kila mafunzo: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mada, aliyefundisha, jina na sahihi ya kila aliyehudhuria. Safu ninayoipenda ni ya mwisho, "alionyesha nini". Mstari mmoja wa kwetu ulisomeka hivi: "Alizima injini kwa ishara mara tatu. Alisahau kutoa mkanda. Arudie kesho." Mkaguzi aliusoma mara mbili, akaniuliza kama kesho yake alirudia. Nikamwonyesha mstari uliofuata.

Nakala za vyeti, barua za uteuzi na majibu ya vipimo vikae faili moja, mahali ambapo hata usipokuwepo vinapatikana. Majibu ya afya ya mtu ni siri yake, yafungiwe.

Hatua ya 10: Ajali ikitokea

Okoa mtu kwanza. Mashine iachwe ilivyo mpaka ichunguzwe, isipokuwa kuigusa ndiyo kumwokoa mtu. Toa taarifa OSHA mara moja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri anatakiwa kuwapa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Madai ya fidia yana ukomo wa miezi 12, na wapo vibarua waliopoteza haki kwa kungoja "bosi atanifikiria".

Kama wewe ni kibarua

Uliza mambo matatu kabla ya kushika chochote: nani atanifundisha, inazimiwa wapi, na nikiumia napelekwa na nani. Ukiletewa fomu ya mafunzo ambayo hukupata, usisaini. Sema utasaini ukishafundishwa, kwa sauti ya kawaida tu. Hakikisha jina lako limeandikwa mahali, hata kama unalipwa kwa siku. Ukiona hatari mwambie mwakilishi, na piga picha kwa simu yako ukiwa mbali na mashine. Ukipuuzwa, ofisi ya OSHA Mbeya inapokea malalamiko.

Hatua ya 11: Kurudia

Kila asubuhi, dakika kumi, jambo moja tu: leo minyororo ya lori, kesho kijiti cha kusukumia. Mafunzo kamili yarudiwe mashine ikibadilishwa, baada ya ajali au ajali iliyoponea chupuchupu, na mtu anapohamishiwa kazi nyingine.

Na kuna wale wanaotusahaulisha kila mwaka. Mvua za Novemba zikianza, nusu ya vibarua wanarudi vijijini kulima. Mei wanarudi getini wakicheka, wanaijua kila kona, wanawasalimia mafundi kwa majina ya utani. Wamekaa miezi sita na jembe, na pengine msumeno umebadilishwa wakiwa hawapo. Kwangu hao ni wageni. Wanaanza hatua ya nne na wageni wengine, na huwa natangulia kutazama wamevaa nini.